Rukhsa ya Maji na Rukhsa ya Mwenye Bomba

Asimamaye juu ya Mto Nairobi pale Museum Hill, mahali barabara itokayo mjini inapopanda kwenda Westlands, akiwa alisomeshwa chuoni kama tulivyosomeshwa sisi wa pwani, haepuki kuikumbuka mas'ala ya mafakihi wa Kishafii: kwamba maji yakifika kulateni, nayo ni kama lita 200 hivi kwa vipimo vya leo, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka igeuke rangi yake, au ladha, au harufu. Rangi niliiona; harufu ilinilaki kabla sijafika; ladha, nakiri, sikuijaribu. Na mto huu ndio ulioupa mji jina, jina walilolitoa Wamasai kwa ubaridi wa maji yake, yatokayo kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu.

Wala si kwamba nchi imekosa sheria. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zilikataza mtu kumwaga majitaka katika mazingira pasipo leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zikaweka na mipaka: uchafu uletao kiu ya oksijeni majini usizidi miligramu 30 katika kila lita. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 42, ikampa kila mtu haki ya mazingira safi.

Basi swali langu si la wakili. Aliyepewa leseni, akautunza mpaka wake barabara, je, amebaria dhima? Wako wanaojibu ndiyo, na hoja yao hufanana na ile ya kulateni, kwamba maji mengi humeza kidogo. Lakini mafakihi rukhsa ile walimpa mwenye kuyatumia maji, ili dini isimwie nzito kisimani. Hawakumpa mwenye kuyachafua, kwani Mtume alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na kukataza huko hakukungoja maji yageuke harufu. Sisi tumeichukua huruma aliyofanyiwa mnywaji tukamvika mwenye bomba la majitaka. Isitoshe, leseni hulitazama bomba moja moja, na mto haujui bomba, wajua jumla. Na wakati wa kiangazi, maghorofa yalipokwisha kusimama Kileleshwa katika viwanja vya zamani vya nyumba moja moja, jumla hiyo huwakuta kijito Kirichwa Kubwa na nduguye Kirichwa Ndogo wakiwa wembamba mno, hawana cha kumezea.

Sisemi kwamba kilichochafuka hakirudi. Mwaka 1978 baraza la maulamaa wakuu wa Saudia lilitoa uamuzi kwamba majitaka yakisafishwa hata isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, yamerejea twahara yake. Kwa hiyo kazi ya mabwawa ya Ruai, ambako mji hupeleka sehemu kubwa ya majitaka yake, na ambayo hakuna anayeionea fahari, naiona iko karibu na ibada kuliko tunavyodhani. Na kwa mwenye leseni, chupa ya maji ya bomba lake ipelekwayo maabara kupimwa ni shahada, na mwenye kuijaza siku ya ukaguzi kwa maji aliyoyazimua makusudi ameshuhudia uwongo, hata kama karatasi yake ina muhuri.

Kutoka Ruai mto huingia Athi, Athi ukateremka ukawa Galana, na Galana ukaitwa Sabaki ukimwagikia bahari kaskazini ya Malindi. Mvua za bara zikinyesha, bahari pale huwa nyekundu kwa masafa marefu. Wekundu huo ni wa udongo, siusingizii Nairobi. Lakini yasiyo na rangi nayo hupita njia ile ile, na mvuvi wa Mambrui hajui hata jengo moja la Westlands kwa jina, wala leseni zilipoandikwa hakuna aliyemwuliza.