Baba Naye Akae Kwenye Benchi

Wanangu, mniwie radhi nikirudia. Nimeshayasema haya ya ukeketaji misibani na kwenye mikutano ya kitongoji hadi sauti imekauka. Ila watoto wa kike wanazaliwa kila siku, nami nitanyamazaje?

Hapa Chimala tumechanganyika. Yupo Msangu na mpunga wake, wapo Wamasai na Wabarabaig walioingia bonde la Usangu na mifugo, yupo Mgogo aliyefuata riziki barabara kuu. Kila mtu alikuja na mila zake, wengine wakaja na wembe.

Sheria ipo tangu 1998: mzazi anayemkeketa au kumkeketesha binti wa chini ya miaka 18 anastahili kifungo cha miaka 5 hadi 15. Tumepiga hatua, sikatai. Mwaka 1996 waliokeketwa nchini walikuwa wanawake 18 katika kila 100. Mwaka 2022 wamebaki 8. Lakini wapo waliojificha. Wamemwacha msichana mwenye kinywa cha kusema, wanamkata mchanga anayenyonya.

Na kisingizio kipo, lawalawa. Wenzetu wa Dodoma na Singida wanaijua. Mtoto akiwashwa, akilia anapokojoa, bibi anasema dawa ni kukata. Hebu mpelekeni zahanati. Muuguzi atamlaza juu ya kanga, atamkagua taratibu, atamuuliza mama anamsafishaje. Mara nyingi ni maambukizi tu, yanatibika kwa dawa na usafi. Mama anashusha pumzi, anamfunga mwanawe mgongoni. Akifika nyumbani anamkuta mama mkwe mlangoni, naye hana ubavu wa kubishana naye. Ushauri nasaha wote unaishia hapo, kwa sababu aliyeshauriwa ni mmoja, tena yule asiye na kauli.

Wewe baba unasema hayo ni mambo ya wanawake. Mahari anapokea nani? Wengi wenu mmeninong'oneza kwamba mila hii mmeichoka, mnachohofia ni binti kukosa mchumba. Jirani yako kaninong'oneza hayo hayo, naye anakuogopa wewe! Mkikalishwa pamoja mbele ya mshauri anayesikiliza bila kutisha, kila mmoja akataja hofu yake, mtashangaa.

Basi, baba, kliniki ijayo nenda na mkeo, mkae benchi moja. Uliza yote unayoyaonea haya. Ukirudi, usimtume mkeo kwa mama yako. Nenda mwenyewe, keti, umwambie kwa heshima zote kwamba mjukuu wake hakatwi.