Mwana Wetu Aliye Masomoni Ugenini
(Danieli 1)

Tumezoea kumsoma Danieli katika tundu la simba, na sura ya kwanza twaipita mbio. Humo yumo kijana wa shule. Ametolewa Yerusalemu, amewekewa miaka mitatu Babeli ajifunze elimu na lugha ya Wakaldayo. Hata jina wakambadili, wakamwita Belteshaza. Fikirini kuitwa kila asubuhi kwa jina ambalo mama yako hakukupa!

Vijana wetu waendao vyuo vya Ujerumani hawakuchukuliwa mateka. Tuliwaaga kwa sala na kwa pilau. Lakini ugeni ni ugeni. Kijana aingia katika gari la moshi, asalimu, na watu watazama dirishani. Mwezi wa Desemba huko Berlin jua huchwa hata saa kumi haijatimia. Kwa jirani hapigwi mtu hodi bila kuagana kwanza. Si dharau, ndiyo adabu yao, wasimsumbue mtu. Mgeni asiyejua hilo hulala akilia, akidhani amechukiwa.

Mwaka 1955 Sverre Lysgaard aliandika habari za Wanorwei 200 waliopata kukaa Marekani kwa msaada wa masomo. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa wema. Wa miezi 6 hata 18 waliona taabu zaidi. Waliozidi hapo walitulia tena. Nao ni watu wa Ulaya! Basi huzuni hiyo tusiiite upungufu wa imani.

Danieli alijifunza lugha ile, akavumilia jina lile. Alichokataa ni chakula cha mfalme, tena kwa adabu, akiomba ajaribiwe siku 10. Wala hakuwa peke yake. Walikuwapo wenzake watatu.

Lakini neno hili latuhusu hasa sisi tuliobaki. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji ule. Hakuwaomba kitu. Sisi twapiga simu kuuliza fedha za bati, naye kijana ajibu kwamba hajambo. Nasi wachungaji tumekosa: siku ya kumwaga twamwombea sana, kisha jina lake halitajwi kanisani mpaka arudi. Jumapili ijayo kila mwalimu wa mtaa aandike majina ya walio mbali, yasomwe katika sala ya kanisa. Na mzee mmoja ampigie kila kijana simu, amsikilize, asimwombe kitu.