Udongo ni Amana

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika kazi ya kuurudishia udongo uhai wake, yatupasa kwanza tujiulize: swali la utafiti ni la nani?

Tumtazame mkulima wa Hasamba, huko Vwawa wilayani Mbozi, katika nchi ya kahawa, mahindi na maharage. Baada ya mavuno, mtaalamu humshauri ayaache mabua shambani yaoze, yaufunike udongo na kuhifadhi unyevu. Shauri hilo ni jema. Lakini ng'ombe wake huyangojea mabua yayo hayo, na kuni jikoni ni haba. Je, ni haki kumtaka mwenye shida ya leo atunze rutuba kwa ajili ya watoto ambao bado hawajazaliwa?

Wako watakaosema kwamba alazimishwe, kwa kuwa ardhi ni amana. Historia imekwisha kuwajibu. Katika milima ya Uluguru, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na mahali pengi udongo hafifu wa chini ulifukuliwa ukaja juu, mazao yakadhoofu. Mwaka 1955 wananchi walikataa, na ghasia zikazuka. Aliyeamuru hakuwa ameuliza.

Kinyume chake ni ngoro za Wamatengo wa Mbinga. Wao hukata majani, huyalaza kwa kupishana yakafanya miraba, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafukia. Mashimo hunasa maji ya mvua yasiuchukue udongo mteremkoni. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Hupandwa maharage, kisha mahindi. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walikwenda kuichunguza elimu hiyo ya wakulima.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kila la kale ni dhahabu. Ngoro hudai jasho jingi, na uchimbaji wake huwaelemea wanawake. Wala mbolea ya viwandani si adui. Bila hiyo mashamba mengi ya Nyanda za Juu Kusini yangetoa magunia machache.

Basi, misingi ya utafiti wetu iwe mitatu. Kwanza, uanze na swali la mkulima mwenyewe. Pili, upime jasho la mtu pamoja na wingi wa mavuno. Tatu, gharama ya kuulinda udongo isibebwe na maskini peke yake. Tukimwomba ayaache mabua, sisi tulao mahindi yake tunadaiwa malisho ya ng'ombe wake na miti ya kuni.

Amana haitunzwi na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Kijana atakayekwenda shambani na daftari lake, na akumbuke kuuliza kabla ya kufundisha.