Arobaini za Mzazi

Tarehe 2 Februari, Kanisa likiadhimisha Kutolewa Bwana Hekaluni, macho yetu humfuata Mtoto, kisha mzee Simeoni na bibi Ana. Mama tunampita. Luka lakini anaanza na siku za kutakasika. Zifuate hadi Walawi sura ya 12: saba, kisha 33, jumla 40. (Kwa mtoto wa kike zilikuwa 80. Akina mama wameniuliza kwa nini, na jibu langu halikuwaridhisha.)

Unguja arobaini haihitaji mahubiri. Kuanzia Mkunazini hadi Makunduchi mzazi hukaa ndani, akakandwa kwa maji ya moto, akafungwa mkaja tumboni, akanyweshwa uji wa pilipili manga. Wazee husema kaburi lake bado li wazi. Wapo wanaouona huo ushirikina. Mimi nasikia sauti ya watu waliozika wazazi wengi.

Si kila desturi nitaitetea. Maji ya moto juu ya mshono wa upasuaji ni hatari. Maziwa ya mwanzo, yale ya manjano, si machafu. Ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Na damu ikizidi au homa ikipanda, uji uwekwe kando, aende hospitali usiku huohuo.

Ninachokililia ni kile kiti alichopewa: mwanamke anayehudumia nyumba nzima, kwa siku 40 anahudumiwa yeye. Leo yuko chumba cha kupanga Ng'ambo, mama yake bara, mume kibaruani hotelini Nungwi, na siku ya tano anateka maji mwenyewe. Jumuiya tunafika na kanga na sabuni, tunambeba mtoto kwa zamu, tunakunywa chai aliyoichemsha mzazi. Kisha miaka ishirini baadaye, binti akiposwa, mama yake anatolewa fedha ya mkaja, kukumbuka tumbo lile lililofungwa. Deni tunalijua, ila tunalilipa likiwa limechelewa mno.

Mwezi uliopita nilipita kumwombea mzazi mmoja. Jirani yake Mwislamu alikuwa amepiga magoti, kitambaa mkononi, mvuke umejaa chumba. Nilibisha hodi, Biblia kwapani. Hakugeuka.

“Subiri hapo nje kwanza, baba,” alisema. “Maji yatapoa.”