Mtoto Mwenye Kifafa Asifichwe

Je, ni haki wazazi kuuficha ugonjwa wa mtoto wao ili kuilinda heshima ya nyumba? Swali hili twaliuliza kwa ajili ya kifafa, maana ni magonjwa machache yafichwayo kwa bidii kama hiyo. Mtoto akianguka, mlango hufungwa. Mgeni akibisha hodi, mtoto hutiwa chumba cha uani mpaka mgeni aage. Shuleni hapelekwi, na kanisani haonekani.

Hatusemi kwamba wazazi hao hawana mapenzi. Wanajua wanachokiogopa. Posa ya dada yake huenda ikavunjika. Majirani watanong'ona juu ya ukoo na laana. Watoto wenzake watakatazwa kula naye sahani moja, kwa kuwa watu wengi husadiki ya kuwa povu la mgonjwa laambukiza. Haliambukizi hata kidogo. Lakini imani hiyo imewaumiza watu vibaya. Huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, mganga kutoka Norway, Dakt. Louise Jilek-Aall, aliwakuta mwanzoni mwa miaka ya 1960 wagonjwa waliotengwa na watu, wengine wakiwa na makovu makubwa ya moto: walikuwa wameanguka mekoni, na waliokuwapo waliogopa kuwagusa. Akawaanzishia kliniki, akawapa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyojulikana tangu mwaka 1912 kuwa huzuia kifafa. Taarifa iliyochapwa mwaka 1992 juu ya wagonjwa 164 wa kliniki hiyo, waliofuatwa kwa miaka 30, yaonyesha kwamba wengi walipata nafuu kwa dawa. Nalo Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa wagonjwa 7 katika kila 10 wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangetibiwa ipasavyo.

Ila dawa hutanguliwa na kuutambua ugonjwa, na hapo ndipo uficho unapomdhuru mtoto zaidi ya wazazi wanavyodhani. Kifafa hakionekani katika tone la damu kama malaria. Mtoto afikapo mbele ya daktari mara nyingi yu mzima, anacheka na kucheza. Mashine ya kupima umeme wa ubongo iko katika hospitali chache, na hata hiyo yaweza kuonyesha ubongo shwari ilhali mtoto ni mgonjwa kweli. Daktari, basi, huona kwa macho ya yule aliyekuwapo. Atauliza: Je, mtoto alikuwa na homa? Kwa maana degedege la mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, lijapo pamoja na homa, kwa kawaida si kifafa, ingawa lataka hospitali upesi, lisije likawa la malaria kali. Ulianza kutikisika mkono mmoja, au mwili mzima? Alipotewa na fahamu? Kwa dakika ngapi? Tena wako watoto wasioanguka kamwe, bali hukodoa macho kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, na mwalimu huwachapa akidhani hawasikilizi. Mzazi asemaye "alijikwaa tu" amemfumba daktari macho. Afadhali mwenye simu apige picha za video tukio lenyewe, akamwonyeshe.

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, Kristo alimwuliza baba wa kijana aliyekuwa akianguka na kutoka povu, amepatwa na hayo tangu lini. Yule baba alijibu mbele ya umati: tangu utoto, na mara nyingi humtupa motoni na majini. Hakuomba kwanza wasogee kando.

Watatuuliza wengine: Je, kijiji kizima kijue? La, hasha. Mpita njia hana haki ya habari hizo, na jirani mwenye ulimi mrefu hana haki vilevile. Bali mwalimu aambiwe, ili mtoto akianguka amlaze ubavu, asimtie kijiko mdomoni, na kutikisika kukizidi dakika 5 ampeleke hospitali. Mchumba naye aambiwe kabla ya ndoa, si baadaye. Na washenga wanaoikimbia nyumba kwa sababu ya mgonjwa mmoja wajue kwamba ni wao wanaowafundisha wazazi kusema uongo.

Aliye na haki kuliko wote ni mtoto mwenyewe, na huyu ndiye asahauliwaye. Akishapata akili aelezwe kwa maneno mepesi ana ugonjwa gani, na kwa nini anameza vidonge kila siku. Aliyedanganywa kuwa ni dawa ya minyoo ataviacha siku atakapojiona mzima. Na kuacha kwa ghafula kwaweza kuleta kifafa kisichokoma, hata kumwua. Mara nyingi madaktari hungoja miaka 2 bila mtoto kuanguka, ndipo wafikiri kupunguza dawa, tena kidogo kidogo.