Mwalimu Aliyepo Wampembe

Barabara ya Kitosi kwenda Wampembe huuacha uwanda wa Ufipa, ulio juu ya mita 1,500, ikateremka hadi ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Masika yakikolea, mtu hujiuliza mara mbili kabla ya kuipanda, hata akiwa na mgonjwa. Mwambie mzazi wa huko kwamba shule inayomfaa mwanawe asiyesikia iko Tabora, ambako shule ya viziwi ilifunguliwa mwaka 1963. Atakusikiliza kwa adabu na kukuitikia. Mtoto atabaki nyumbani akianika dagaa, na majirani watasema wanamficha.

Wapo wanaowaficha kweli, nami siwatetei. Lakini tumezoea kumtupia mzazi lawama yote, ilhali mtoto akishaandikishwa shule, malezi yake ni ya mwalimu pia, na mwalimu huyo hatukumwandaa.

Elimu maalumu nchini ilianza mwaka 1950 kwa shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, chini ya Kanisa la Anglikana. Tangu hapo tumezoea kumpeleka mtoto aliko mtaalamu, yaani kwenye bweni au kitengo cha mbali. Wataalamu wenyewe husomea vyuo vichache, kikiwamo cha Patandi, Arusha. Utaratibu huo umewasaidia wengi, na asiyeona kabisa anahitaji mtu anayezijua nukta nundu barabara, si aliyezisikia kwenye semina ya siku mbili.

Wengi, hata hivyo, hawako katika hali hiyo. Kuna aliyetokwa na usaha masikioni tangu uchanga, sasa anasikia nusu nusu. Kuna aliyepata degedege la malaria akapona, ila akabaki mzito wa kushika. Kuna mwenye ualbino asiyeyaona maandishi ya ubaoni. Hawa wamo darasani tayari, hasa tangu elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016 na madawati kujaa. Hukaa nyuma, kwa kuwa wakimya husukumwa nyuma.

Ufipa kuna ugumu mwingine. Mtoto wa darasa la kwanza aliyelelewa kwa Kifipa kitupu anaweza kunyamaza muhula mzima. Kwa mwalimu mgeni, kimya chake na cha asiyesikia ni kimoja, na wote wawili huenda wakachapwa kwa ukaidi. Kuwatofautisha hakuhitaji mashine mwanzoni: simama nyuma ya mtoto, mwite jina kwa sauti ya kawaida, kisha mwombe nyanya au mama yake amwite vivyo hivyo kwa Kifipa. Asipogeuka mara zote, apelekwe zahanati masikio yaangaliwe. Mwalimu aliyefundishwa hivyo atajua pia kutoongea huku ameukabili ubao, kumweka mwenye uoni hafifu mbele mbali na mwanga mkali, kuandika herufi kubwa, kuigawa kazi vipande vifupi. Gharama yake ni chaki.

Kwa mwenye ualbino, ujuzi wa mwalimu ni ulinzi pia. Mwaka 2015, mkoani humuhumu Rukwa, mtoto mwenye ualbino alikatwa kiganja. Mwalimu asiyejua mtoto huyo anarudi nyumbani na nani, kwa njia ipi, hajamaliza kazi yake, hata kama somo limeeleweka.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imeshaitaja haki ya kusoma. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unataka walimu wajifunze shuleni kwao kwa kukaa pamoja. Mradi wa Shule Bora, unaogharamiwa na Uingereza, uko katika mikoa tisa, na Rukwa ni mmojawapo. Njia basi ipo. Ninachokipinga ni ile desturi ya kumchagua mwalimu mmoja, kumpandisha mjini, kumpa cheti, kisha uhamisho ukimpata anaondoka na kila alichojifunza. Ifundishwe shule nzima, mwalimu mkuu akiwamo, kwa kuwaangalia watoto wake yenyewe. Afisa wa elimu maalumu wa wilaya ateremke Wampembe kila muhula, na mafuta ya safari yake yawe kwenye bajeti, maana bila hayo tunadanganyana.

Wapo watakaolazimika kwenda bwenini hata hivyo. Kiziwi akirudi likizo ya Desemba akiwa na lugha ya alama ambayo mama, kaka na dada hawaijui, anakuwa mgeni nyumbani kwao, na wanaomsahau mapema zaidi ni wadogo zake. Hapo ndipo mwalimu wa kijijini anapohitajika zaidi. Akizijua alama za maji, njaa, maumivu, nenda, njoo na majina ya watu wa nyumba ile, anaweza kukaa na familia jioni chache kabla mtoto hajafika, na mtoto mwenyewe akishafika awafundishe zilizobaki.