Haki Katika Mchezo wa Vita

Je, ni haki kwa mtunga mchezo kuwapa wachezaji wawili silaha zisizo sawa? Swali hili laonekana dogo, kwa kuwa mchezo ni mchezo tu. Lakini ndani yake mna swali kubwa zaidi: haki ni usawa wa vitu, au ni jambo jingine?

Tutwae mfano wa michezo ya mezani na ya kompyuta iigizayo vita vya angani vilivyopiganwa katika Bahari ya Pasifiki kati ya Japani na Marekani, toka mwaka 1941 hata 1945. Mchezaji mmoja huongoza ndege za Japani, mwenziwe huongoza za Marekani. Mwaka 1942 ndege ya Kijapani iliyoitwa Zero ilipanda juu upesi, iligeuka kwa wepesi, na ilisafiri mbali kuliko Wildcat ya Wamarekani. Zikipimwa kwa sifa hizo peke yake, mwenye Wildcat ameshindwa kabla ya kuanza.

Wako wasemao kwamba dawa ni kuzisawazisha: Zero ipunguziwe uwezo, Wildcat iongezewe. Shauri hili lina sura ya haki, lakini laisingizia historia, tena lawanyima wachezaji sababu ya kufikiri. Ndege mbili zilizo sawa kwa kila jambo ni ndege moja iliyopakwa rangi mbili.

Dawa bora ni kuuliza kila sifa ilinunuliwa kwa bei gani. Injini ya Zero haikufikia nguvu za farasi 1,000. Basi waundaji wake walipunguza uzito kwa kuacha bamba la chuma la kumkinga rubani, na utando wa mpira wa kuziba tangi la petroli litobolewapo na risasi. Wildcat ilikuwa nzito kwa kuwa ilibeba kinga hizo. Nayo ilistahimili mapigo mengi.

Upungufu wake mwingine ulizibwa kwa akili. John Thach, afisa wa jeshi la majini la Marekani, alibuni namna ya kurusha ndege mbili ubavu kwa ubavu, zikikatizana njia, hata adui aifuataye moja ajikute mbele ya bunduki za nyingine. Mbinu hiyo ilitumika katika mapigano ya Midway, Juni 1942.

Kwa hiyo mtunga mchezo mwaminifu huziacha tofauti zibaki, akaiambatanisha kila faida na gharama yake. Na upande mmoja ulipozidi kweli, kama Marekani ilipoleta vitani ndege ya Hellcat mwaka 1943, yenye injini ya nguvu za farasi 2,000, hauzidishii upande wa pili nguvu za uongo. Humpa mchezaji dhaifu sharti jepesi la ushindi: alinde kisiwa kwa siku kadhaa, wala asitakiwe kuangamiza jeshi zima.

Hata hivyo, liko jambo lisiloingia katika mizani ya mchezo. Mezani, ukosefu wa kinga ni tarakimu katika kadi. Vitani, ulilipwa kwa mwili wa rubani. Zero ilishika moto upesi. Marubani stadi wa Japani walikufa, na vijana walioshika nafasi zao hawakufunzwa vya kutosha. Mwezi Juni 1944, katika mapigano ya Bahari ya Ufilipino, Japani ilipoteza mamia ya ndege. Aliyekata bei na aliyeilipa hawakuwa mtu mmoja.

Basi haki si kuwagawia watu vitu vilivyo sawa. Haki ni kumpa kila mtu nafasi ya kweli ya kutumia alicho nacho, na kutomficha bei yake. Mchezo ufundishao hivyo wafaa kuchezwa. Na kila tusifiwapo faida ya kitu, yatupasa kuuliza ni nani atakayeilipia.